Nani Analala Akiwa Amenyooka? Historia Fupi ya Kitanda Angani

Ukipanda basi la usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa unajifunza ukweli mmoja kuhusu mwili wa binadamu: haukuumbwa kulala ukiwa umekaa. Kichwa kinaanguka mbele, unashtuka. Kinaangukia bega la jirani, unaomba samahani, unaanza upya. Kufika Mtito Andei shingo imeshakata tamaa. Usingizi unao, tena mwingi, lakini misuli ya shingo imewekwa zamu ya usiku kucha na hakuna wa kuipokea.

Ndiyo maana kile kiti cha ndege kinachobonyezwa kitufe kikageuka kitanda kinatuvutia sana tukikiona kwenye simu. Watu hukitaja kwa pumzi moja na shampeni na pajama za bure, kama sehemu ya raha za wenye doo. Mimi sikiweki kwenye kapu hilo. Shampeni ni mapambo. Kulala ukiwa umenyooka ni haja ya mwili, na historia ya nani amepewa haja hiyo safarini na nani amenyimwa ni ndefu kuliko historia ya ndege zenyewe. Kwetu Kenya inaanzia kwenye reli.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Tangu enzi za mkoloni mabehewa yalikuwa na madaraja matatu, na kwa desturi madaraja hayo yalifuata rangi ya ngozi: la kwanza kwa Wazungu, la pili kwa Wahindi, la tatu kwa Waafrika. Tofauti kubwa kati ya madaraja haikuwa chakula wala dirisha. Ilikuwa kitanda. Daraja la kwanza vyumba vilikuwa na vitanda viwili, la pili vinne, na la tatu lilikuwa na mabenchi. Treni ya usiku ilitoka Nairobi jioni ikaingia Mombasa asubuhi, na wote walifika wakati mmoja. Ila kuna waliofika wakiwa wamelala na kuna waliofika wakiwa wamekaa.

Uhuru ulipokuja, rangi ilitoka kwenye tiketi, bei ikabaki. Vitanda viliendelea kuwapo hadi mwaka 2017, SGR ilipoanza kubeba abiria. Treni mpya haina kitanda hata kimoja, kwa sababu haikihitaji: safari ya usiku mzima imekuwa ya masaa matano hivi. Shika jambo hilo, kwa maana litajirudia angani. Kasi ikipanda, kitanda kinaondoka.

Sasa tupande ndege. Miaka ya 1930, mtu aliyetoka Uingereza kuja Afrika Mashariki kwa ndege alisafiri na Imperial Airways. Njia yao ilifika Mwanza mwaka 1931, na mwaka uliofuata ikaenda hadi Cape Town. Kufikia 1937 walikuwa wakitumia ndege kubwa za kutua majini, zilizotengenezwa na kampuni ya Short, ambazo zilishuka Ziwa Victoria pale Kisumu, zikaendelea Mombasa, Dar es Salaam hadi Durban. Ndege hizo zilisanifiwa kubeba abiria 24 mchana, au 16 tu kama kila mmoja angepewa kitanda. Hesabu ni hiyo hiyo hadi leo: anayelala anakula nafasi ya anayekaa.

Katika njia ya Afrika vitanda hivyo havikuwa na kazi kubwa, kwa sababu kwa kawaida ndege ilitua kabla ya giza na abiria wakapelekwa hotelini. Lakini watazame abiria wenyewe: maofisa wa serikali ya kikoloni, matajiri, wafanyabiashara. Mbele ya kila kitu kulikuwa na mifuko ya barua, kwa sababu barua za himaya ndizo zilizosukuma njia nzima. Mwafrika wa Kisumu aliijua ndege hiyo vizuri sana. Aliipakia, akaiosha, akaisogezea boti. Kulala ndani yake hakukuwa kwenye ratiba.

Marekani nako kitanda kilikuwa kinafanya jambo ambalo wengi hawalijui. Kampuni ya American Airlines ilitaka ndege ya kuvuka bara usiku, abiria wakiwa wamelala kama kwenye treni. Kiwanda cha Douglas kikachukua ndege yake ya awali, DC-2, kikaipanua tumbo ili vitanda vitoshe. Ndege hiyo mpya ilipaa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na ilipoanza kazi mwaka 1936 ilikuwa na vitanda 14. Halafu mtu akapiga hesabu: ukitoa vitanda ukaweka viti, kwa upana ule wanaingia watu 21. Toleo hilo la viti ndilo likawa DC-3, ndege iliyoufundisha ulimwengu kwamba kubeba abiria kunaweza kuleta faida. East African Airways, shirika letu la pamoja lililoanza kazi mwaka 1946, nalo lilizitumia kwa miaka mingi. Kwa hiyo ndege iliyotuzoesha kukaa ilipanuliwa kwanza ili watu walale.

Baada ya Vita vya Pili kitanda kiliishi miaka michache zaidi. Boeing Stratocruiser, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1949, ilikuwa na vitanda vya kukunjua kutoka juu, na ngazi ya kushuka kwenye baa iliyokuwa chini. Kisha ikaja jeti. Tarehe 2 Mei 1952, Comet ya BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg ikipitia Entebbe, ikamaliza safari kwa chini ya masaa 24. Mwezi huo huo mashirika yalianza kuuza tiketi za bei nafuu za watalii kuvuka Atlantiki, na mwaka 1958 likaja daraja la ekonomi, mwaka ule ule Boeing 707 ya Pan Am ilipoanza kwenda Paris. Nani atalipia kitanda kwa safari ya masaa saba? Vitanda vikang'olewa, viti vikaongezwa, bei ikashuka. Ni kama SGR, ila miaka sitini mapema.

Kusema ukweli, hilo lilikuwa jambo jema kwa watu wengi. Mtu wa kawaida hakupata kuruka kwa sababu matajiri waliongezewa vitanda. Alipata kuruka kwa sababu vitanda viliondolewa. Sisemi hivyo ili nitetee ekonomi. Nasema hivyo kwa sababu historia ya starehe haiendi upande mmoja, na anayeisimulia kama hadithi ya maendeleo tu anaruka nusu yake.

Kitanda kilirudije basi? Kilirudi kupitia malalamiko. Kufikia miaka ya 1970 ndege zilikuwa kubwa, tiketi za punguzo zimejaa, na mfanyabiashara aliyelipa nauli kamili alijikuta amebanwa kando ya mtalii aliyelipa nusu yake. Akanung'unika. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 mashirika yakaanza kumtengea sehemu yake, katikati ya daraja la kwanza na ekonomi. Hapo ndipo lilipozaliwa daraja la biashara, ambalo mwanzoni halikuwa na cha ajabu: kiti kipana kidogo, kinywaji, utulivu. Wakati huo ndege zilikuwa zinaruka mbali zaidi bila kutua, na safari ya masaa kumi na mbili inahitaji kitu ambacho safari ya masaa saba haikukihitaji. Umbali ulirudisha kile ambacho kasi ilikuwa imekiondoa.

Kwanza walijaribu kudanganya kidogo. Viti vingi vya biashara vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilinyooka, ndiyo, lakini kwa mteremko. Ukilala unateleza polepole kuelekea miguuni, unaamka magoti yamekunjika, unajivuta juu, unateleza tena. Matangazo yaliviita vya kulala. Vilikuwa vya kulala kama vile bati lililoegeshwa ukutani ni meza.

Kitanda cha kweli katika daraja la biashara kililetwa na British Airways mwaka 2000. Tatizo lililokuwa mezani lilikuwa la jiometri: mtu aliyelala anahitaji urefu wa futi sita hivi, na ukimpa kila mtu urefu huo nambari ya viti inaanguka, pesa inapotea. Wasanifu wa kampuni ya Tangerine ya London walikumbuka kwamba binadamu si mstatili. Ni mpana mabegani, mwembamba miguuni. Kwa hiyo waliwageuza abiria, mmoja anatazama mbele, jirani yake anatazama nyuma, mabega ya huyu kando ya miguu ya yule. Mtu yeyote aliyewahi kuona wauzaji wakipanga samaki kichwa kwa mkia anaelewa wazo hilo mara moja. Walitosha wanane katika safu moja ya ndege pana, wote wamenyooka.

Virgin Atlantic walijibu mwaka 2003 kwa kuweka viti vya mshazari, vimepangwa kama mifupa ya samaki, na mgongo wa kiti ukipinduliwa unakuwa godoro. Baadaye wakaishtaki kampuni iliyowatengenezea viti, wakidai imeiuzia mashirika mengine ubunifu wao. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza, Virgin wakidai fidia ya zaidi ya pauni milioni 49. Mwaka 2013 mahakama ikaamua hawalipwi kitu, kwa sababu hataza yenyewe ilikuwa imekwisha kupunguzwa na ofisi ya hataza ya Ulaya. Fikiria kidogo: milioni 49 kwa sababu ya namna ya kupanga miguu ya watu. Kitanda kilikuwa kimekuwa silaha ya ushindani.

Kenya nasi tumo: mwaka 2014 Kenya Airways ilipokea Boeing 787 yake ya kwanza. Ina viti 30 vya biashara vinavyonyooka kabisa, na 204 vya ekonomi. Safu ya mbele ina watu sita, wawili wawili wawili. Safu ya nyuma ina tisa, watatu watatu watatu. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege hiyo iliondoka Nairobi kwenda New York bila kutua, safari ya masaa kumi na tano hivi. Kwenye safari kama hiyo tofauti ya kulala na kukaa inakuwa tofauti ya mtu atakayefanya kazi kesho na mtu atakayepoteza kesho.

Sasa kama kuna siku utajikuta huko mbele, kwa pointi, kwa mwajiri, kwa kubahatika ekonomi ikajaa wakakusogeza, historia hii yote inakusaidia kukitumia kitanda chako vizuri. Usichague kiti kwa picha, chagua kwa ramani. Kwenye mpangilio wa wawili wawili wawili, viti vya katikati vyote viwili vinagusa njia, kwa hiyo hakuna atakayekuruka usiku, nawe hutamruka mtu. Wa dirishani anapata ukuta wa kuegemea, lakini akitaka choo lazima avuke miguu ya jirani aliyelala. Kwenye mpangilio wa mmoja, wawili, mmoja, chukua dirisha bila kufikiria mara mbili.

Kisha angalia miguu. Kwa viti vingi vya siku hizi, miguu yako huingia kwenye kishimo kilicho chini ya meza ya abiria wa mbele. Hiyo ndiyo siri ya jiometri niliyoieleza: wanakuuzia kitanda kizima kwa kukukopesha nafasi ya mwenzako. Safu ya kwanza kabisa haina abiria mbele yake, na mara nyingi kishimo chake ni kikubwa zaidi. Mtu mrefu, au anayelala kwa ubavu na kukunja magoti, huko ndiko kwake. Jihadhari tu na jiko na vyoo, kwa sababu taa, milango na harufu ya kahawa havina heshima kwa usingizi wa mtu.

Funga mkanda juu ya blanketi, si chini yake. Ndege ikitikisika mhudumu anapita akikagua mikanda, na asipouona wako atakuamsha, na ni kazi yake. Usishangae pia ukihisi miguu iko juu kidogo kuliko kichwa. Ndege ikiwa angani pua yake huinuka nyuzi mbili au tatu, kwa hiyo kama kitanda kiko sambamba na sakafu na unatazama mbele, unalala ukielekea mlimani. Mto wa pili unamaliza hilo.

Na kubwa kuliko yote, hesabu masaa. Nairobi hadi London ni masaa tisa hivi. Toa kupaa, ambapo kiti lazima kisimame wima kwa sheria ya usalama. Toa chakula cha jioni cha sahani baada ya sahani, toa kiamsha kinywa, toa kushuka. Ukikubali kila unacholetewa, kile kitanda cha bei mbaya utakilalia masaa manne au matano. Anayejua hula ardhini kabla ya kupanda, anamwambia mhudumu mapema asimwamshe, anaruka pombe kwa sababu inavuruga usingizi, anakunywa maji kwa sababu hewa ya ndege ni kavu, na analala ndege ikishatulia tu. Menyu itamkosa, usingizi hautamkosa.

Nimeandika hayo yote na bado kuna jambo linanikera. Mantiki ya daraja la biashara ni kwamba huyu mtu akifika ana kazi ya maana. Ana mkutano, ana mkataba, lazima kichwa kiwe safi. Kwa hiyo mwajiri hulipia mwili wake ulale. Sawa. Lakini nani huko nyuma, kwenye vile viti 204, hana kazi ya maana akifika? Muuguzi anayekwenda kuanza zamu Uingereza atashika sindano na mkono ule ule uliokosa usingizi. Dada anayekwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani anaweza kutolewa uwanjani moja kwa moja hadi jikoni mwa watu. Mwanafunzi, mama anayekwenda kumwona mjukuu, dereva wa lori aliyeandikishwa kazi Qatar: hakuna aliyeketi akaamua kwamba usingizi wao hauna thamani. Ila pia hakuna aliyeketi akaupigia hesabu.

Na si suala la uchovu tu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu damu kuganda kwenye mishipa ya wasafiri. Hatari huongezeka takriban mara mbili kwa anayekaa bila kujongea kwa masaa manne au zaidi. Kwa jumla hatari ni ndogo, mtu mmoja katika elfu sita hivi, na inahusu pia mabasi, treni na magari, si ndege tu. Dawa ni rahisi: inuka, tembea, zungusha vifundo vya miguu. Lakini jaribu kuinuka ukiwa kiti cha dirishani, wawili wamelala kati yako na njia, meza zimeshushwa, taa zimezimwa. Adabu tuliyolelewa nayo inatuambia tuvumilie. Tunavumilia.

Kuna abiria mwingine anayesafiri akiwa amenyooka, na kila familia yenye mtu ughaibuni inamjua. Wakenya waliofariki Ghuba, Marekani au Uingereza hurudi nyumbani chini ya sakafu ya ndege hizo hizo, ndani ya jeneza, kama mzigo, baada ya kundi la WhatsApp kuchanga wiki nzima. Alikwenda amekaa, akarudi amelala. Nimeshachangia michango kama hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara inanijia kwamba nauli hiyo ya mwisho ndiyo pekee ambayo wengi wetu tungechanga kwa pamoja ili mtu wetu anyooshe miguu.

Si lazima iwe hivyo milele. Mwaka 2011 Air New Zealand walianza kuuza viti vitatu vya ekonomi ambavyo sehemu yake ya miguu huinuka, vikawa kochi la kulalia. Si kitanda cha futi sita, na watu wawili wakubwa hapo watajuana sana. Lakini fikra hiyo ilitoka kwa shirika la nchi iliyo mbali na karibu kila mahali, ambako mtu wa kawaida, si bosi tu, huvuka nusu ya dunia kila anapotoka nyumbani. Kwao usingizi wa ekonomi ulikuwa tatizo la kibiashara, kwa hiyo ulitafutiwa suluhu ya kibiashara.

Nasi tuko hapo sasa. Nchi inayotuma watu wake kufanya kazi nje, kisha ikahesabu kila mwaka fedha wanazotuma nyumbani, ina sababu ya kuuliza wanasafirije. Miaka 90 iliyopita, Kisumu, barua za himaya zilipewa nafasi kwanza kwa sababu mtu fulani aliamua zina thamani. Kitanda kilifuata thamani hiyo hiyo kutoka reli hadi majini hadi kwenye jeti. Kwa hiyo ukikibonyeza kile kitufe, lala, tena lala vizuri, mkanda juu ya blanketi. Ukiamka, kabla hujafungua dirisha, wakumbuke walio nyuma ya pazia. Asubuhi nao wanaingia kazini.